Ya Kazi au ya Raha?

Hasmukh alifuta kioo cha kaunta kwa kiwiko cha shati
akaniuliza kabla sijashusha kikapu:
"Ya kazi au ya raha?"
Kana kwamba mtaa wa Biashara una maduka mawili
nami nimesimama kwenye kizingiti cha yote.

Nilikuwa na elfu thelathini na nane,
za mchezo wetu wa ofisini, zamu yangu ya saba,
na aibu kidogo:
mwanamke wa miaka arubaini na tatu,
karani wa kugonga mihuri karatasi za makontena Kilindini,
anataka kamera ya video
kwa sababu ya njiwa.
Sikusema njiwa. Nilisema, "Naangalia tu."

Pembeni yangu Swafiya wa Mwembe Tayari
alikuwa amepakata jitu jeusi la kilo tatu
kama mtoto anayesubiri kupimwa kliniki.
Nilimjua. Wanawake wa mji mzima wanamjua.
Usiku wa kupamba, mabuibui yakishavuliwa
na simu zote zimekusanywa mlangoni ndani ya beseni,
ni jicho lake peke yake linaloruhusiwa.

"Fungua mlango wa kadi. Mbili?
Haya. Moja ikifa, ya pili itatoa ushahidi."
Akapuliza kinasa sauti, akatega sikio.
Akauliza betri inakaa saa ngapi,
si zile za kwenye boksi, za kweli,
za ukumbi uliojaa udi, feni zimezimika,
bibi harusi hajashuka ngazi
na stima ya Tononoka imekwenda zake.

Mimi nikashika kale kadogo ka rangi ya majivu,
kanaenea kiganjani kama kipande cha sabuni.
Nikakaelekeza nje: mkokoteni wa maji, kanga zinazopepea,
paka juu ya boneti ya pikapu.
Vyote vikaingia. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

"Hako gizani hakafai," Swafiya alisema bila kuulizwa.
"Gizani mimi nalala."
Akacheka, kisha akaacha.
"Na ukisahau kubonyeza?
Mimi nilisahau mara moja, harusi ya Kizingo.
Dakika kumi na moja, taa nyekundu haijawaka.
Mamake bibi harusi hakupiga kelele.
Aliketi kwenye zulia langu, akanywa chai yangu,
akangoja nimrudishie mwanawe anavyoshuka."

Hapo nikamwambia, kwa sauti ya anayekiri deni:
nina njiwa kumi na tisa juu ya dari, Kibokoni.
Saa kumi na moja nawafungulia.
Wanauzunguka mnara, wanapotelea upande wa Nyali, wanarudi.
Nikisahau kubonyeza, kesho watazunguka tena.

Alinyamaza. Akalitazama lile jitu mapajani,
laki tatu na nusu, nusu yake ya mkopo,
akakatazama kasabuni kangu.
"Kumbe wewe hudaiwi," alisema.

Nilishusha hadi thelathini na tano, pamoja na mfuko.

Jumapili mlango ukagongwa. Swafiya, mikono mitupu,
anahema, ngazi zetu ni nne na za mawe.
Nikampa kamera. Akatafuta stendi: hakuna.
Akapima jua kwa kiganja, akauliza njiwa yupi ndiye mkubwa wao,
nani aanze, nani asikosekane.
"Hakuna," nikasema.
Mweupe akatua juu ya tangi la maji,
mkono wake ukatetemeka, picha nzima ikatetemeka,
na hakurudia.

Nimeitazama mara nyingi. Ni dakika mbili.
Mwishoni lenzi inageuka kwa bahati mbaya:
kidevu, kipini cha pua, jicho moja limefinywa,
uso wa mtu aliyewapiga maharusi mia nne
na hana picha yake hata moja ya kucheka.
"Hiyo futa," aliniambia akivaa viatu.

Kadi ni moja tu.
Sijafuta.