Karo ya Kuni

Theluji imefika dirishani.
Kila mtoto huja na ukuni kwapani,
ndiyo karo yetu huku Svaneti.

Mwaka huu wamebaki wawili,
Nestani na mdogo wake Beka.
Kuni mbili,
na jiko la chuma halishibi.

Leo alfajiri mwalimu Eteri
kakuta kuni zimerundikwa mlangoni:
za Zauri mfuga ng'ombe, asiye na mtoto;
za mjane Mzevinari, zimefungwa kwa utepe
wa nywele za bintiye aliyehamia Tbilisi;
na mguu wa kiti.
Kiti cha nani, hatukuuliza.

"Kengele isipolia," kasema Zauri,
akipangusa barafu masharubuni,
"mimi nitajuaje saa ya kukamua?"