Kasha la Gerwazy

Iwo ana miaka kumi na miwili na hoja mbili.
Ya kwanza: usiku huu huu, kabla sijavua viatu,
gemu inaweza kushuka kutoka hewani, giga tisini nzima,
wala hakuna atakayekanyaga theluji ya Bydgoszcz.
Ya pili: imepunguzwa bei mpaka Jumapili.

Mimi dereva wa tramu. Nampa jibu la watu waliochoka:
tutaona.

Kabatini, nyuma ya pasi iliyoungua,
ninayo kaseti ya manjano ya mwaka tisini na tatu,
bandia tupu, tuliyonunua sokoni mimi na kaka yangu Zenon
kwa pesa za chupa tulizookota na kuzirudisha dukani.
Mgongoni imeandikwa kwa kalamu: YA ZENON.
Chini yake, kwa mwandiko wangu: MUONGO.
Ikigoma, tuliipuliza
kama mtu anayepoza uji wa mtoto,
na ikikubali tulipiga kelele hadi jirani agonge ukuta.
Haikuhifadhi chochote. Kila jioni tulianza upya,
kila jioni tukafa palepale, kwenye daraja la tatu.

Sasa Zenon yuko Tromsø, anakarabati lifti.
Anasema: nunua ya hewani,
tucheze pamoja, mimi huku, nyinyi huko;
diski huwezi kunirushia juu ya bahari.
Naye huyo huyo, mwaka juzi, alisahau neno la siri
akabaki nje ya mlango wa gemu zake mia na arobaini,
akijibizana na mashine iliyomwita Mteja Mpendwa.
Cha kuazima hakisitiri matako,
na hivi tunavyonunua siku hizi (nimesoma yale maandishi madogo,
kituo cha mwisho, tramu ikiwa tupu)
ni kuazima tu. Tarehe ya kurudisha
wameiweka mfukoni mwao.

Basi Jumamosi, baada ya zamu, nikaenda kwa Gerwazy.
Duka lake liko ngazi sita chini ya barabara,
linanuka plastiki na supu ya kabichi.
Kasha hili lina alama ya kikombe.
Hili, mtu amesahau ndani kadi ya daktari wa meno.
Hili, kijitabu chake kimechorwa:
kila shujaa amepewa masharubu, hata farasi.
Gerwazy huinua diski kwenye taa, akaigeuza,
akaitazama mikwaruzo kama anayesoma kiganja.
"Hii itaishi," husema.

Nikaomba mpya, ile ya Iwo. Nikalipa zloti hamsini zaidi
kwa ajili ya uzito. Nakiri, uzito ndio nilioununua:
kitu cha kumwekea mtoto mkononi,
kitu cha kumwazima rafiki, kukidai, kukigombania,
kukikuta kabatini siku nyingine, nyuma ya pasi.

Iwo akararua nailoni palepale mezani.
Diski haikuwemo.
Kulikuwa na karatasi, ndogo kuliko tiketi ya tramu,
yenye herufi na tarakimu za kuingiza ili ipakuliwe
kutoka hewani.
Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia,
na gunia lenyewe halikuwa na mbuzi.

Akanitazama. Nikamtazama. Akaanza kucheka,
kicheko kilekile cha Zenon alipokuwa akiniibia alama,
nami nikamfuata, tukacheka
mpaka jirani akagonga ukuta.

Ilishuka usiku kucha, asilimia moja moja,
na nje theluji nayo ikishuka,
yenyewe haikuuliza neno la siri la mtu.

Saa kumi alfajiri, nikitafuta funguo za zamu,
nikalikuta lile kasha tupu limesimama rafuni
kati ya kamusi na saa isiyotembea.
Si tupu. Iwo ameiingiza ile kaseti ya manjano;
imekaa upande, kifuniko hakifungi.
Nikaitoa. Mgongoni, chini ya MUONGO,
kwa wino wa kijani, mtu wa tatu
ameanza kuandika jina lake
akaishiwa nafasi.