Maji Gani

Widnes, Februari. Mvua ya Mto Mersey
inagonga bati la maabara kama mtu aliyesahau ufunguo.
Natwanga udongo ndani ya kopo la chuma:
tabaka tatu, mapigo ishirini na saba kila tabaka,
nyundo ya kilo mbili na nusu.
Unatoka umeshikamana kama siri ya ndugu.

Kipande kimoja nilikilaza katika maji ya bomba.
Cha pili, asidi. Cha tatu, magadi makali.
Siku ishirini na nane.
Leo mashine inavikandamiza kimoja kimoja,
mshale unapanda, unapanda, unasita.

Cha maji ya bomba kiligoma hadi mwisho.
Cha asidi kilipasuka mshazari, bila kelele.
Cha magadi hakikupasuka hata:
kilivimba, kikalegea, kikakaa tu.

Enid Rimmer, anayefagia vumbi letu jioni,
alikiokota kile cha asidi, akakigeuza kiganjani.
“Baba alikuwa hivi,” akasema. “Kwa nje, mzima.
Miaka thelathini kiwandani.
Siku moja aliinama kufunga kamba ya kiatu,
basi.”

Nikaandika kilopaskali:
mia mbili na kumi,
tisini na nne,
thelathini na moja.
Safu ya maoni nikaiacha tupu.

Udongo uwahi ungali maji,
tulikariri darasani Muheza, sauti moja, chaki hewani.
Hakuna aliyenyosha mkono
kuuliza maji gani.