Ufuo Upi

Ofisa wa ramani aliandika "ufuo" mara tisa,
akafunga kalamu.
Oighrig akamvuta koti: vaa buti, twende.

Hapa penye mawe na mwani wa kuteleza ni cladach.
Hapa ng'ombe wanapokula maua juu ya mchanga, machair.
Na kule, nyuma ya kanisa, tràigh,
ila ngoja adhuhuri, patakuwa maji matupu.
"Basi patakuwa bahari?"
"Tràigh. Jina la maji yakienda zake."

Nikacheka peke yangu, mgeni mshika kamba ya kupimia:
kwetu pwani ilizaliwa na kupwa.

Usiku mjukuu wake, Ruairidh,
akauliza kwa lugha ya shuleni
kama tulifika ufuoni.
Oighrig akakung'uta buti kizingitini.
"Ufuo upi?"