Makubadhi Namba Arobaini na Nne

Niliyanunua Ruwi, riale tatu na nusu.
Muuzaji akauliza: ya babako au ya bwana?
Nikamwambia, ya mlango.
Akadhani Kiarabu changu kimeteleza.

Nakaa Mabela, ghorofa ya pili,
juu ya duka la kufulia kanzu;
mvuke wa pasi hupanda hadi dirishani
na udi wa nguo za watu.
Mwenye nyumba, kabla hajanipa ufunguo,
aliuliza mara nne, kwa adabu,
"Na nani atakaa nawe?"
Nikamwonyesha karatasi ya mshahara.
Akauliza mara ya tano.

Basi nikayapanga kizingitini,
vidole vikitazama nje,
kama ya mtu aliyeingia punde na atatoka punde.

Kijana wa gesi hufika na mtungi begani:
"Baba yupo?"
"Amelala."
Saa nne asubuhi, amelala.
Saa kumi jioni, amelala.
Ramadhani nzima bwana huyu alilala,
hata mimi nikaanza kumstahi,
nikapunguza sauti ya redio.

Yako mambo makubadhi hayasaidii.
Zipu ya nguo yangu ya buluu, usiku wa harusi ya Thuweba,
ilipanda hadi katikati ya mgongo ikagoma.
Nikafunga uzi kwenye kichwa chake,
nikauvuta juu ya bega
kama mtu anayeteka maji kisimani.
Uzi ukakatika.
Nikavaa buibui juu, nikaenda hivyo hivyo,
nikala biriani, nikamsifu bibi harusi,
na kila aliyeniambia vua, shoga, upumue,
nilimwambia nina homa.

Homa ya kweli ilipokuja
niliupika uji, nikaumwaga, nikajipa pole kwa sauti.
Mama akapiga simu kutoka Ibra.
"Umekula?"
Nimekula.
"Na nani?"
Swali lake la kila siku, na si swali baya,
ila lina mwiba kama wa samaki mdogo:
huuoni mpaka umeshameza.

Lakini msinionee huruma.
Chai yangu naitia iliki nipendavyo.
Nalala katikati ya kitanda.
Ijumaa nikitaka sisemi neno hadi adhuhuri
na ukimya haunidai kitu.
Hilo nalo liandikwe.

Kisha Julai, usiku, kiyoyozi kikakata roho.
Nimekaa sakafuni na kitambaa cha maji shingoni,
mlango ukagongwa.
Nikasimama nyuma yake, kisu cha vitunguu mkononi,
hata bwana nikamsahau.
"Ni mimi jirani, Shinuna, wa namba sita."
Kiswahili cha nyumbani, cha kuvuta maneno.
"Nimesikia mashine yako imenyamaza. Na mumeo huyu,
mwaka wa pili hajasogeza mguu."

Nikafungua.
Alikuwa na khanga begani na mkono mdomoni, anacheka.
"Wangu mimi namba arobaini na tano.
Wakimuuliza, nasema anaoga.
Miaka mitatu, mwanamume anaoga!"

Tulikaa kwake hadi alfajiri, kiyoyozi chake kikikohoa.
Viatu visiposogea, aliniambia, vinasema.
Tangu hapo kila Alhamisi tunabadilishana:
wake huja kwangu, wangu huenda kwake.
Wake wenza wa wanaume wasiokuwapo,
na hatujagombania zamu hata siku moja.

Jana nimemgongea na ile nguo ya buluu.
Nikampa mgongo, sikusema kitu.
Akaipandisha zipu polepole hadi juu,
akasita, akang'oa kipande cha uzi mwekundu
kilichobaki pale kwenye kichwa.
"Huu nao wa nini?"

Wa kisimani, nikamwambia.