Nguzo Iliyoinama

Usiku wa Februari, Rezekne. Theluji imeziba mlango,
supu ya bitiruti inapoa mezani,
na mchezo umetutupa tena barabarani:
hakuna bango, hakuna jina,
dakika moja na nusu tu.

Mimi nina kanuni zangu, nimezikariri kama jedwali la kuzidisha.
Udongo mwekundu, anza na Brazili.
Gari likishika kushoto, kata dunia, sehemu kubwa utupe.
Herufi ikivaa kofia, usikurupuke, uliza kwanza kofia gani.
Natafuta jua liko upande upi wa anga.

Shangazi Velga hana habari na jua.
Ameinua miwani, pua inakaribia kugusa kioo.
Miaka thelathini na mmoja alikula mshahara wa barabara,
koleo, lami, ndoo ya rangi nyeupe,
na mgongo wake mpaka leo unaijua mvua kabla ya redio.

"Aliyefyeka hapa alikuwa na haraka ya kwenda kwake.
Ona alivyoliruka lile shina.
Lakini aliyezibua kalavati ana adabu,
tope kalitupa mbali na njia."
"Shangazi, sekunde arobaini."
"Rudi nyuma. Hapo. Ile nguzo."

Nguzo fupi, nyeupe, ukingoni,
imeinama kama mlevi anayenong'onezwa siri.

"Hiyo niliichimbia mimi. Mimi na Arvids,
mwaka ule mvua ilipokataa kukatika.
Shimo likajaa maji. Tukasema kesho tutairudia."
Akanyamaza.
"Hatukuirudia."

Arvids mimi namjua kwa picha tu, ile iliyo juu ya friji.

"Bonyeza hapa kwetu. Ukipita kona utaona kituo cha basi, bati la bluu."
Kanuni zangu zote zilikuwa zinanivuta kwingine.
Nikazimeza. Nikaichoma pini karibu na mlango wetu.

Ramani ikavuta mstari kuelekea kusini-magharibi,
mstari ukavuka mpaka bila kupiga hodi,
ukatua Lithuania. Kilomita mia mbili na kumi.

Nikamtazama kwa kuiba.
Alichukua kijiko, akaikoroga supu iliyokwisha kupoa.
"Basi na wao walikuwa na Arvids wao," akasema.
"Na mvua ile ile."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye barabara nyingine
aliponishika mkono.
"Irudishe kwanza ile.
Twende mbele kidogo tu,
nione kama kile kituo kipo."