Mkwaruzo

Szeged, ghorofa ya nne, saa tatu usiku.
Kwa ncha ya pipeti nakwaruza sahani
toka ukingo hadi ukingo,
mstari mmoja, mkono usitetemeke.
Daftari la maabara hukiita kipimo cha kidonda:
seli huku, seli kule, kati uwanja mtupu.

Seli hizi ni zako, mgonjwa wa thelathini na moja.
Jina sikupewa. Ulimi tu ulimteleza Etelka, muuguzi:
fundi wa tramu, mguu wa kulia,
uvimbe kwenye neva ya paja, kama yai la bata.

Zamani zilikuwa ala.
Ziliukumbatia uzi wa fahamu zikatulia,
kazi yenyewe ndiyo hiyo, kutulia.
Kichocheo cha ukuaji kikifika kilipiga hodi,
kipokezi kikajibu karibu,
ujumbe ukaingia, seli ikakua kidogo,
mlango ukarudishwa.
Sasa vipokezi vimejaa ukutani kama uyoga.
Hodi moja, karibu mia,
na huko ndani hakuna wa kuuambia ujumbe: basi.

Ndipo zinapoota miguu.
Ukingo hunyooka, hushika, huvuta mwili,
huachia nyuma.
Mwenda pole hajikwai.
Hizi zaenda unene wa unywele kwa saa nne, tano,
na kweli, hazijikwai.

Kesho yake, tramu ya mwisho ikitikisa vioo,
nainamia hadubini.
Sahani ya kwanza, yenye kichocheo chake:
kidonda kimefunga, laini, ngozi ya mtoto mchanga.
Asiyejua angeshangilia.
Sahani ya pili, niliyotia dawa ya kuziba kipokezi:
mstari wangu upo kama nilivyouchora,
seli zimesimama pande mbili
kama abiria wasiojuana.

Nikampigia Dokta Kálnoky, nikamtoa usingizini.
Hakikufunga, nikasema.
Akanyamaza, kisha: Mungu mkubwa.
Kazi gani hii, watu wazima wawili
kufurahia kidonda kisichopona.

Wewe ulizikwa Novemba, nasikia, mvua ikinyesha.
Mimi bado nazilisha, Jumanne na Ijumaa,
kwenye joto la mwili ambao haupo tena.

Nimerudia kuhesabu sahani ya pili.
Seli mbili zimevuka.
Dawa ipo, mlango umezibwa, nazo zimevuka.
Nimeziandika kwa kalamu ya wino, saa na dakika.
Sijui zimeitikia hodi ya nani.